Unga Tuliopeleka Kigali

Kwa miaka mingi, kabla sijafungua sanduku la safari, nkambo yangu alikuwa ananiuliza swali moja tu. Hakuuliza kama ndege iliruka salama, wala kama watu wa huko walinipa chakula. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki barazani, katika nyumba yetu ya Makomeno, akakunja mikono juu ya kitenge chake, akasema: "Ulimuona?"

Nkambo ndivyo tunavyowaita bibi na babu hapa Lubumbashi, na huyu wangu ni mama yake mama. Mtu aliyekuwa anamuulizia ni mdogo wake, fundi wa magari. Aliondoka mjini hapa akiwa kijana, akaenda kufanya kazi kwenye gereji moja Kigali, akaoa huko, akaandika barua tatu. Mke aliyemuoa alikuwa Mtutsi. Ukaja mwaka wa tisini na nne na mauaji ya kimbari, na barua ya nne haikuja. Hayo ndiyo yote tuliyoyajua.

Mimi nilizaliwa baadaye. Naandika riwaya. Moja imetoka, ya pili inanisumbua kama jino, na kwa ajili ya ile moja naalikwa huku na huko kusoma mbele ya watu. Wenzangu wakifika mji wa ugenini hukimbilia soko. Mimi huuliza ni wapi wamewaandika waliokufa vitani. Nimesimama mbele ya mnara mdogo huko kaskazini mwa Zambia, nyasi zikinifika magotini. Nimepitisha kidole juu ya majina yaliyochongwa kwenye jiwe huko Brussels, mvua ikiniingia kwenye kola. Waandishi wenzangu, tunaokutana Jumamosi asubuhi nyuma ya duka la vitabu katikati ya mji, hunicheka sana kwa hilo. Wanasema wao hurudi na chokoleti, mimi narudi na picha za kuta.

Ukweli ni kwamba sikuwa nazitafuta kuta kwa hiari yangu. Nkambo ndiye aliyekuwa ananituma. Kwake yeye kuta zote za wafu zilikuwa ukuta mmoja mrefu unaopita duniani kote, na mdogo wake aliweza kuwa ameandikwa mahali popote. Nilijua vizuri kwamba fundi wa gereji hawezi kukutwa kwenye jiwe la askari wa vita vya kwanza. Hata hivyo nilisoma majina yote ya herufi yake, moja baada ya jingine, kwa sababu nilijua nitakaporudi ataniuliza, na sijawahi kuweza kumdanganya.

"Simukuona, nkambo."

"Ulisoma muzuri?"

"Nilisoma."

"Bwana yangu huyu, macho yake ni ya bure," alikuwa anawaambia majirani. Ananiita bwana yake tangu nikiwa mtoto, kama bibi wengi wa hapa wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na ndoa hiyo inampa ruhusa ya kunilaumu kwa kila kitu: kwamba simletei samaki, kwamba nimekonda, kwamba nimeoa vitabu nikamuacha yeye mjane na bwana akiwa hai.

Ili ueleweke uzito wa swali lake, lazima nieleze jinsi tunavyozika. Kwetu, mtu mzima akifa, watoto wake hulia na wajukuu wake hucheka. Sisi wajukuu, bazukulu, kazi yetu kwenye kilio ni kumdhihaki marehemu. Tunavaa suruali yake, tunatembea kama alivyotembea, tunataja mbele ya watu wote ubahili wake na jinsi alivyokuwa anakoroma padri akihubiri. Tunaziba njia jeneza lisipite mpaka tubembelezwe. Wafiwa nao wana zamu yao: ni lazima wakasirike. Watufukuze na mwiko, watuite watoto wasio na adabu. Na katikati ya vurugu hiyo mtu ambaye hajameza kitu tangu juzi anajikuta anacheka huku machozi yanashuka, na baada ya hapo anaweza kula. Mgeni anayeona hayo mara ya kwanza huona aibu kwa niaba yetu. Sisi humuonea huruma marehemu asiye na wa kumcheka.

Mdogo wake nkambo hakuchekwa. Hakukuwa na maiti wala kaburi, wala mtu wa kusema alikufa siku gani. Mjomba wangu mkubwa, mwana wa kwanza wa nkambo, ndiye kichwa cha familia, naye ni mtu wa taratibu. Alifanya kazi kwenye reli kama babu yake, na mpaka leo anaamka kwa saa ya treni ambayo haipiti tena. Kila nkambo alipotaja kilio, alijibu vile vile. Kilio huwekwa pale kifo kinapojulikana, na hiki hakuna aliyekijua. Tukimlilia mtu aliye hai, tutakuwa tumemfukia kwa midomo yetu. Alisema hayo kwa upole, miaka na miaka.

Siku moja tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, nkambo na mimi, na sinia katikati yetu. Alisema, bila kuinua macho:

"Miye nikikufa, nitamukuta kule. Ataniuliza: bazukulu bangu nilibakosea nini? Juu ya nini habakunicheka?"

Nilichambua jani lile lile mara mbili.

Na kulikuwa na tatizo jingine, la kwangu mimi na binamu zangu. Hata kama mjomba angekubali, tungemcheka kwa lipi? Ili umcheke mtu lazima ujue kasoro zake, na mdogo wake nkambo hakuwa nazo. Kwa muda wote ule alikuwa amekuwa mtakatifu. Hakuwahi kumpigia mtu kelele, alisema nkambo, hakuwahi kukosa Misa, na kwenye kwaya aliimba mpaka mapadri wakasahau sala. Picha yake ilikuwa sebuleni, kijana mwembamba ndani ya koti kubwa, mwenye uso wa mtu anayesubiri kuitwa. Chini ya picha, kwenye kabati la vioo, kati ya vikombe vya harusi, kulikuwa na kijiko kimoja cha aluminiamu kilichopinda shingo. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa na hakuna aliyejua ni cha nini. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni cha kumeza dawa.

Miaka michache iliyopita, kabla mambo kati ya nchi zetu mbili hayajachafuka kama sasa, ulinijia mwaliko wa mkutano wa waandishi huko Kigali. Nilimsomea nkambo barua. Alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akaingia ndani, akatoka na kadi yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, na picha mbili za pasipoti.

"Tunaenda," alisema.

Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Mjomba alipinga wiki nzima, kisha akamnunulia viatu. Mimi nilimwambia afungashe kidogo. Alifungasha vitenge viwili, rozari, dawa za presha, na kilo tano za unga wa mahindi kutoka shamba lake la Kasungami, mahindi aliyopanda na kupalilia mwenyewe, ndani ya mfuko aliouzungushia kitambaa na kuushona kwa uzi mweupe.

Kwenye ukaguzi wa mizigo mfuko ule ulitolewa ukawekwa peke yake mezani. Mkaguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kulala. Aliuliza ni nini. Nkambo akamjibu ni bunga. Akauliza kama huko tunakoenda hakuna unga.

"Bunga iko," nkambo alisema. "Lakini kwenye kilio unaendaka mikono mitupu?"

Mkaguzi alimtazama. Akauliza ni nani amekufa. Nkambo akamwambia. Mwanamke yule akachukua mkanda wa gundi, akaufunga mfuko upya kwa uangalifu zaidi kuliko ulivyokuwa, akasema: "Pole, mama. Pita." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa safari hii kwa upande wa nkambo. Kwangu mimi ilikuwa ziara. Yeye alikuwa anakwenda msibani, amechelewa kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakutaka kufika mkono mtupu juu ya kuchelewa.

Siku ya pili, nilipomaliza kusoma kurasa zangu, tulichukua teksi kwenda kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Nkambo alikuwa amevaa kitenge chake cha zamani kuliko vyote, amevua hereni, amefunga kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, kama wanawake wa kwetu wanavyojifunga kwenye kilio. Mfuko wa unga aliupakata. Hakutaka dereva auweke nyuma.

Getini mlinzi alitusalimia vizuri, akatazama mfuko, akasema kwa Kiswahili cha taratibu kwamba chakula hakiingii.

"Hii haiko chakula," nkambo alimwambia. "Iko bunga ya kilio. Nani mukubwa wa kilio hapa?"

Mlinzi alinitazama mimi. Nami, niseme kweli, nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeshazuru mahali pengi kama pale. Nilijua kuzima simu, kutembea polepole, kusimama na mikono nyuma kama mtu anayesoma hata pasipo na la kusoma. Nilimvuta nkambo pembeni, nikamwambia hapa si kilio, nkambo, ni mahali pa kuangalia na kusoma.

"Bantu balikufa?"

"Ndiyo."

"Beko hapa?"

"Wako hapa. Wamezikwa hapa."

"Sasa?"

Nilimwambia basi tuuache unga kwenye teksi, tuingie, halafu tukirudi nyumbani tutasema tuliufikisha. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama anavyoangalia samaki sokoni asiyemuamini.

"Bwana yangu, sikiliza. Bakikatala bunga yangu, njo kusema hakuna kilio. Kama hakuna kilio, miye nimekuya kufanya nini? Tutarudia kwetu."

Kisha akakaa chini. Alikaa palepale kando ya geti, miguu ameinyoosha mbele, mfuko mapajani, kama wanawake wanavyokaa kwenye mkeka nyumba ikiwa na msiba. Watalii wawili walimkwepa kwa heshima. Mlinzi alivua kofia yake akaivaa tena. Mimi nilisimama hapo na Kifaransa changu chote na riwaya yangu moja.

Ndani ya geti kulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anamwagilia maua. Alikuwa ametuona. Alizima maji, akaja akiwa anajifuta mikono kwenye aproni, akamuuliza mlinzi kwa Kinyarwanda, mlinzi akamueleza huku akionyesha mfuko kwa kidevu. Mama yule alichuchumaa mbele ya nkambo. Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura, ambako, alituambia baadaye, alikulia ukimbizini kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda.

"Mukecuru," alisema, neno lao la heshima kwa mwanamke mzee, "unga huu unamletea nani?"

"Mudogo yangu."

"Anaitwa nani?"

Nkambo alitamka jina lake. Mama yule alilirudia, lote, bila kulikosea. Kisha akanyoosha mikono miwili, akaupokea mfuko kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, na magoti yake yakalia alipokuwa anasimama nao.

"Pole sana," alisema. "Wangu nao wako humu. Umetukuta. Karibu."

Nkambo aliniomba mkono ili ainuke. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Alinibana vidole mpaka vikaniuma, nikajua kwamba jambo kubwa kuliko yote lililomleta lilikuwa limeshafanyika, nasi bado hatujavuka geti.

Tuliingia. Mama yule alitembea nasi, aproni yake bado mbichi. Tulisimama juu ya makaburi ya pamoja, saruji pana zenye maua, na nkambo akasali rozari nzima bila kuharakishwa. Tulikwenda kwenye ukuta wa majina. Nilianza kusoma kama nilivyozoea, herufi yake, jina kwa jina. Hakuwemo. Nilirudia tena kutoka juu. Mama yule alituambia kwamba ukuta haujaisha, kwamba wengi walizikwa bila yeyote kujua waliitwa nani, na kwamba anaweza kuwa hapo chini ya miguu yetu, au kwenye kilima kingine, au mtoni. Hakutupamba maneno. Nkambo aliweka kiganja chake mahali pasipo na jina, kwenye jiwe tupu, akakiacha hapo mpaka jiwe likapata joto.

Halafu tukaingia kwenye chumba cha watoto waliouawa. Kuna picha zao, na chini ya picha wameandika vitu vidogo: huyu alipenda chakula gani, yule alipenda mchezo gani. Nilimsomea nkambo kwa sauti ya chini, nikimtafsiria. Nilipofika kwa wa tatu au wa nne alinigusa bega ninyamaze.

"Njo bile," alisema, yaani ndivyo hivyo. "Babo banajua namna ya kukumbuka muntu."

Sikumuelewa wakati ule. Nilielewa saa sita na nusu, jikoni.

Unga uliopokewa kwenye kilio hauwekwi, unapikwa. Nyuma ya jengo kulikuwa na chumba ambamo wafanyakazi walipikia chakula chao cha mchana, na mama yule wa maua alikuwa ameshabandika maji. Alianza kusonga. Nkambo alivumilia kwa dakika moja.

"Huyu anapika bukari ama anafua nguo?" aliniuliza, kwa sauti ambayo ilisikika vizuri.

Mama yule alicheka, akamkabidhi mwiko. Nkambo alijifunga kitenge, akatanua miguu, akausonga ugali wa Kasungami mpaka sufuria ikaomba msamaha. Kulikuwa na maharage. Tulikaa watu saba au wanane, na mlinzi wa getini alikuja kwa zamu yake. Tulinawa. Na hapo nkambo alifungua mkoba wake, akatoa kile kijiko cha aluminiamu kilichopinda shingo.

Nilishangaa kukiona nje ya kabati zaidi ya ambavyo ningeshangaa kuona picha inashuka ukutani.

"Hiki ni chake," alisema. Akaanza kueleza, huku anachota mchuzi wa maharage. Mdogo wake alikuwa na tumbo lisilo na adabu. Alitembea na kijiko chake kwenye mfuko wa kifuani wa salopeti, yaani ovaroli yake ya bluu ya kazi, kila siku, ili popote atakapowakuta watu wanakula asikose chombo. Alijua saa ya chakula ya kila nyumba ya mtaa. Watu walikuwa wanaweka mtoto mlangoni kuangalia kama anakuja. Siku aliyosafiri alikula kwao mara ya mwisho, akala haraka kwa sababu ya lori lililokuwa linamsubiri, akakisahau kijiko ndani ya sufuria.

"Na kuimba?" niliuliza. "Ile kwaya?"

Nkambo alitikisa kichwa. Kuimba alikuwa hajui. Alikuwa na sauti ya mlango. Mkuu wa kwaya alimuomba afungue mdomo tu bila kutoa kitu, na alikubali kwa sababu baada ya mazoezi kulikuwa na chai. Tena alikuwa anaogopa jogoo. Mwanaume mzima, fundi wa injini za dizeli, anazunguka nyumba tatu kwa sababu ya jogoo wa jirani.

Nilisikia kicheko kinanipanda kifuani nikakizuia, nikatazama mlango, nikawaza tulipo. Mama wa maua hakukizuia chake. Alicheka mpaka akaweka tonge chini, kisha akasema huyo ni afadhali. Kaka yake yeye alikuwa anaiba kwenye karata. Alikuwa anamuibia hata mama yao mzazi, na akikamatwa analia yeye.

"Wangu alikulaka nyama ya mugonjwa," nkambo alimjibu.

"Wangu alioa kwa suti ya kuazima, akakataa kuirudisha."

"Wangu," nkambo alisema, na akafikiri kidogo ili ashinde, "alimuambia padri kwenye maungamo zambi zangu miye."

Mlinzi wa getini aliinamia sahani yake, mabega yanatingishika. Ndipo nikacheka na mimi, kwa sauti, mahali pale, na mdomo umejaa ugali. Wale wanawake wawili waliendelea kushindania nani alikuwa na ndugu mbaya zaidi mpaka sufuria ikaisha. Sijawahi kusikia wafu wakipendwa vile.

Kwenye ndege ya kurudi nkambo alikaa dirishani. Mawingu yalimchosha mapema. Aliniuliza: na sisi, watu wa kwetu waliokufa kwenye vita hivi vyote, ukuta wao uko wapi? Nilimwambia sijui ukuta kama huo, nkambo. Alikigeuza kijiko mkononi.

"Basi," alisema, "shiye tuko na bunga."

Mjomba alitupokea uwanjani, na nyumbani, kabla hata ya chai, nkambo alimwambia kwamba sasa kilio kitawekwa. Mjomba alivuta pumzi ya kuanza maneno yake ya siku zote. Aliuliza ni nani amethibitisha. Aliuliza kama jina liliandikwa.

"Jina haliko," nkambo alisema. "Nilipeleka bunga."

"Ndiyo, mama. Lakini hiyo..."

"Bakapokea. Bakapika. Tukakula."

Mjomba ni mtu wa taratibu, na hii ilikuwa taratibu. Unga ukishapokewa, kilio kipo. Hakuna anayepokea unga wa mtu ambaye hajafiwa. Alinigeukia mimi kama shahidi, nikamwambia nilikula mara mbili. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena.

"Jumamosi gani?" aliuliza.

Tuliweka Jumamosi ya tatu. Asubuhi ilisomwa Misa. Mchana ua wetu wa Makomeno ulijaa viti vya kukodi chini ya hema, wanawake wakajaa sebuleni juu ya mikeka, na picha ya kijana mwenye koti kubwa ikawekwa mezani, ina kitambaa cheupe. Tulikuwa bazukulu kumi na moja. Kila mmoja alikuja na kijiko kwenye mfuko wa kifuani. Mimi nilipewa nafasi ya marehemu, binamu zangu wakisema kwamba mwandishi hana kazi nyingine ya maana, nikavaa salopeti ya bluu iliyonipwaya.

Tulizunguka kwenye sufuria za wapishi, tukachota pasipo kukaribishwa. Tuliimba wimbo wa kanisa, wenzangu kwa sauti nzuri, mimi kwa midomo mitupu mpaka ubeti wa mwisho, ambapo nilitoa sauti ya mlango. Mtu mmoja wa mtaani, mzee aliyemkumbuka, alipiga goti lake kwa mkono. Binamu yangu akaachia jogoo wa jirani katikati ya ua, nami nikapanda juu ya kiti nikapiga kelele. Watu walicheka. Mjomba alicheka, kisha akakumbuka kukunja uso.

Lakini nkambo alikaa kimya. Alikuwa mlangoni, kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, anatutazama bila kupepesa. Nilimuona kutoka juu ya kile kiti. Mfiwa asipokasirika, mzaha wetu unabaki matusi tu. Nilifikiri: tumemuumiza. Tulikwenda mbali mno, au tumefanya kidogo mno, au miaka imepita mno. Vicheko vilianza kupungua kimoja kimoja. Jogoo peke yake ndiye aliyeendelea.

Nkambo aliinuka. Aliingia ndani. Kwa muda mfupi ua wote ulikuwa unasikiliza. Alitoka na mwiko.

"Munamucheka nani?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Batoto ya bure. Ule ni mudogo yangu. Mulimuonea wapi, munamucheka nani?"

Alinifuata mimi kwanza. Nilizunguka hema, nikazunguka pipa la maji, nikaruka mikeka. Nkambo mwenye dawa za presha alinifikia kwenye kona ya jiko, akanipiga mwiko wa begani, wa kweli, na alama ilibaki siku nne.

"Na hakutembeaka bile," alinipigia kelele, machozi yakimwagika mpaka kidevuni. "Alivutaka muguu. Muguu ya kuume. Unatembea kama padri, mupumbavu weye."

Nilivuta mguu wa kulia. Alinitazama ninavyokwenda, hatua tatu, nne, ndani ya bluu ile. Kisha akaegemea ukuta wa jiko akacheka, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani na mwiko ukamdondoka, na wanawake wa sebuleni wakatoka kumshika, nao wakacheka, na aliyeanza kulia kwa nguvu alikuwa mjomba. Jioni nkambo alikula. Aliomba aongezwe.

Wiki iliyofuata nilipita kunywa chai. Nilifungua kopo la sukari, na ndani yake, kimezama mpaka shingo iliyopinda, kilikuwa kijiko cha aluminiamu. Nilimtazama nkambo. Aliniuliza kama nilitaka nipelekewe sukari kitandani.

Bado naalikwa, na bado naulizia kuta. Tofauti ni kwamba sasa sanduku langu lina pakiti ya unga ya nusu kilo, imeshonwa kwa uzi mweupe, na wenzangu wa Jumamosi wamepata jambo jipya la kunichekea. Mwezi uliopita nilikuwa mji wa mbali, kwenye mnara wa vita ambao majina yake sikuweza hata kuyatamka. Niliporudi nkambo alikuwa kwenye kiti chake. Alinisubiri niweke sanduku chini.

"Bakapokea?"

Nilimwambia ukweli, kwamba askari wa zamu hakuelewa, kwamba aliuchukua unga, akaunusa, akaupeleka ndani upimwe.

Nkambo alifikiri.

"Basi bamepokea," alisema, akanisogezea kopo la sukari.